Mbwa Mdogo, Nusukaputi Moja

Hoja iliyochapishwa kwamba kila upasuaji wa mbwa mdogo upangiwe siku yake inasikika kuwa ya huruma. Kwa mbwa mwenye afya, si huruma hata kidogo.

Chukua Chihuahua jike wa miezi saba. Anatakiwa kufungwa kizazi, ana ngiri ya kitovu, na chonge zake za utotoni zimegoma kung'oka, zimebanana na chonge mpya na kunasa mabaki ya chakula. Mwandishi wa hoja hiyo angemlaza mezani mara tatu! Ilhali ngiri hiyo iko jirani kabisa na mahali daktari anapopasua; kuiacha ni kulipasua tumbo tena bure.

Kweli, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mbwa wa chini ya kilo 5 wako hatarini zaidi wakipewa nusukaputi. Mwili mdogo hupoa upesi, sukari nayo hushuka. Ndiyo maana huwekewa kipasha joto na dripu, hupimwa sukari, na daktari makini huahirisha meno hali ikibadilika. Tumbo hutangulia, mdomo wenye bakteria hufuata.

Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo ni habari nyingine. Mwandishi amewachanganya wawili hao, na anayeumia ni mwenye afya.