Ua Lisilotambua Ua

Wapenda bustani wengi hulalamika kwamba chini ya miti hakusitawi kitu. Ndiyo maana mtu apatapo mmea wa kudumu upendao kivuli huupanda kwanza, kisha ndipo aulize jina. Utaratibu huo umepinduka.

Tuchukue mfano wa kahili, jamaa ya tangawizi kutoka Himalaya. Hufikia urefu wa mita 2, na maua yake ya manjano yenye nyuzi nyekundu hunukia vizuri. Jina ni la Kihawaii: kahili ni fimbo ya manyoya iliyokuwa ishara ya ufalme. Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Hili limeng'aa kivulini likaficha madhara. Huko Hawaii na New Zealand, mmea huu umetoroka bustanini ukaingia msituni. Ndege husambaza mbegu, na mashina yake ya ardhini hufuma mkeka mnene unaozuia miche ya miti. New Zealand imepiga marufuku uuzaji wake.

Sisi nasi tunalijua ua la zambarau la gugumaji, na tuliona lilivyolisonga Ziwa Victoria miaka ya 1990.

Basi mwuzaji na atutajie jina la kitaalamu, ambalo hapa ni Hedychium gardnerianum, kabla hatujafungua mkoba. Aliyekwisha kuupanda akate maua kabla ya mbegu, ang'oe shina lote la ardhini, kwani kipande kisaliacho huchipuka. Ua hili halitambui ua wa mtu.