Kijana wetu wa Doha na mhudumu wa Diani

Msimu wa wageni ukisha, hoteli za Diani, Watamu na Malindi hupunguza vibarua, na kijana aliyesomea upishi au kuhudumu mezani hugeuza macho Ghuba. Qatar imewapokea wengi, hasa ilipojiandaa kwa Kombe la Dunia la 2022. Siwalaumu; riziki hutafutwa. Lakini kabla ya kupanda ndege wajue sheria ya huko inasemaje.

Tangu 2020, mfanyakazi Qatar hahitaji tena ruhusa ya tajiri wake ili abadilishe kazi. Hutoa notisi ya mwezi 1 ikiwa hajapitisha miaka 2 kazini, na miezi 2 akiipitisha. Machi 2021 kikaanza kima cha chini cha mshahara: riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa makao na chakula huongeza riyali 500 na 300. Kima ni kimoja, awe Mnepali, Mfilipino au Mkenya.

Hata hivyo, sheria ni moja na maisha ni mengine. Kitanda unacholalia ni cha tajiri, kibali cha ukaazi chategemea yeye, na aweza kuripoti kuwa umetoroka kazini. Aliyekopa kumlipa wakala hathubutu kufungua mdomo, maana deni lamsubiri nyumbani. Kwa hivyo wazazi, ulizeni kwanza kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba usomwe kabla pesa hazijatoka mkononi.

Nina neno jingine, na najua halitampendeza kila mtu. Kila siku tunanung'unika kuwa kazi za hoteli za Pwani zimechukuliwa na watu wa bara. Dai la wenyeji kupewa nafasi, za umeneja zikiwemo, ni la haki na naliunga mkono. Lakini wa kuulizwa ni mwenye hoteli na serikali, si mhudumu aliyetoka Kitui, anayebanana na wenzake chumba kimoja na kuachishwa kazi msimu ukiisha. Tukimdharau huyo, tutamlilia nani mwanetu akidharauliwa Doha? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mtume (SAW) ametuusia mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hakutaja jasho la kabila gani.