Breki Kwanza, Rangi Baadaye: Neno kwa Vijana wa Pikipiki za Zamani na Wazazi Wao



Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wengi. Wengine kwa simu, wengine kwa inbox, na mzee mmoja alinisimamisha sokoni katikati ya mafungu ya nyanya: "Pasta, ni kweli vijana wanafungua pikipiki kuukuu za mbio katika uwanja wa kanisa kila Jumamosi? Hiyo ni huduma gani?"

Ni kweli, mzee wangu. Na mimi ndiye niliyewaruhusu. Leo naeleza sababu, na pia nataja masharti hadharani, ili mzazi akimwona kijana wake akiyavunja ajue wa kumpigia.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii boda boda. Nazungumzia zile pikipiki kubwa za spoti za miaka ya 80 na 90: Kawasaki GPZ900R iliyotoka 1984, Suzuki GSX-R750 ya 1985, Honda CBR900RR ya 1992, Yamaha R1 ya 1998. Enzi zake zilikuwa mashine za kutetemesha dunia. Leo ukiipata moja huku kwetu, mara nyingi iko stoo nyuma ya nyumba, Milimani au kwenye shamba kule Njoro, imefunikwa na gunia, na panya wamezaa ndani ya kichujio cha hewa.

Kuna wanaosema hicho ni chuma chakavu, kiuzwe kwa kilo. Kuna vijana ambao nao wakiona jina la Ninja wanapoteza akili, wako tayari kukosa fungu la kumi ili wanunue stika. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili.

Jambo hili lilifika madhabahuni kwa sababu ya mama mmoja wetu. Amenipa ruhusa niandike. Jina lake nalihifadhi. Kifungua mimba wake alifariki barabarani miaka minne iliyopita, akiwa juu ya pikipiki ya aina hiyo. Mabaki yake yamekaa stoo tangu mazishi. Sasa mdogo wa marehemu, mwenye miaka 22, anataka kuitengeneza. Baba anasema sawa. Mama anasema, "Pasta, chuma hicho kina roho ya mauti. Kiombee kisha kichomwe, au nimpe mtu wa vyuma aende nacho."

Wapendwa, sitacheka maneno ya mama aliyezika mtoto. Na mnanijua, mimi ni mtu wa kukemea. Lakini tuseme ukweli mbele za Mungu. Kijana yule alikuwa na tairi kuukuu kuliko mdogo wake wa mwisho, na breki ya mbele ambayo marafiki zake wote walijua ni mbovu. Pepo hukemewa. Mpira wa breki uliokauka unabadilishwa. Tukimlaumu shetani kwa kazi ambayo fundi angeimaliza kwa saa mbili, tutaendelea kuzika, na tutaendelea kuimba.

Fungua 2 Wafalme 12. Mfalme Yehoashi aliagiza nyufa za nyumba ya Bwana zitengenezwe. Pesa zikatolewa. Lakini ukifika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa bado zipo! Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, pesa zikaingia kidogo kidogo. Sasa angalia zilienda wapi. Zililipa maseremala, wajenzi, waashi na wakata mawe. Zilinunua mbao na mawe. Maandiko yanataja wazi kwamba hazikutengeneza vikombe vya fedha wala tarumbeta. Ukisoma 2 Nyakati 24 utaona vyombo vya dhahabu na fedha vilikuja mwishoni, kwa pesa zilizobaki baada ya kazi kukamilika.

Mawe na mbao kwanza. Tarumbeta baadaye.

Sasa nenda kwa vijana wengi wanaofufua pikipiki za zamani. Pesa ya kwanza inaenda wapi? Rangi! Bodi la plastiki linapakwa rangi ing'ae kama kioo, ekzosi inakatwa ili ipige kelele mtaa mzima uamke, picha inawekwa WhatsApp. Ukishika breki, lever inazama mpaka kwenye mpini. Hiyo ni tarumbeta ya fedha ndani ya hekalu lenye nyufa.

Kwa hiyo sharti la kwanza katika uwanja wetu ni hili: hakuna kopo la rangi linalofunguliwa kabla ya fundi tuliyemwomba atusimamie kupitisha vitu vitatu.

Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata pikipiki ikiwa imesimama, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Iliyolala miaka 15 haina mafuta ya breki tena, ina uji. Kalipa ifunguliwe, pistoni zisafishwe, mipira mipya iwekwe, na paipu ya mpira iliyopasuka itupwe.

Tairi. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imekufa, kwa sababu mpira huzeeka hata bila kutumika. Ubavuni kuna tarakimu 4. Ukiona 2319, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu 3 tu, mwanangu, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Usibishane nayo.

Mwili wa chuma. Fremu ikaguliwe kama iliwahi kupinda au kuchomelewa, beringi za usukani zishikwe, shokabu za mbele ziangaliwe kama zinavuja. Nehemia alizunguka kuta za Yerusalemu usiku, akakagua palipobomoka, kabla hajamwambia mtu yeyote habari ya kujenga. Kagua kwanza, ndipo utangaze.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye injini, na hapo ndipo napenda kusimama na kuangalia. Petroli ikikaa muda mrefu hugeuka kuwa gundi na kuziba vitundu vidogo vya kabureta. Pikipiki hizi nyingi zina kabureta 4, na zote lazima zipumue pamoja. Moja ikilegea, injini inatetemeka kama kwaya yenye sauti moja isiyosikiliza wenzake. Tangi lenye kutu vijana wanalijaza siki, wanaliacha, wanalimwaga, kisha wanalisuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki uishe. Ndiyo, magadi ile ile ya kupikia githeri! Gasketi isiyopatikana dukani inakatwa kwa mkono. Bushi iliyokwisha inachongwa na fundi wa jua kali mwenye leth.

Mzee wa nyanya aliniambia: "Pasta, hizo ni anasa. Boda boda inalisha nyumba, hiyo ya spoti inalisha nini?"

Swali ni zuri. Nami nakujibu hivi. Kijana anayeweza kusawazisha kabureta 4 za Suzuki ya 1985 hatashindwa na kabureta 1 ya Boxer. Angalia Nakuru yetu, kuanzia Kaptembwo hadi Free Area, Lanet hadi Kiamunyi: boda boda ziko kila kona, na kila moja inahitaji mkono unaojua. Pikipiki ya zamani haina kompyuta ya kukuambia ugonjwa ni upi. Lazima usikilize, unuse, uguse, ufikiri. Kijana aliyejifunza subira hiyo kwa miezi 8 ana kitu mkononi ambacho hakuna mtu atakayemfukuza nacho kazini. Na katika miezi hiyo 8 nimejua alipo kila Jumamosi. Mzazi, wewe ulikuwa ukijua?

Tena kazi hii ina heshima yake nchini mwetu. Nairobi, pale Ngong Racecourse, kuna maonyesho ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Pikipiki nazo hushindanishwa, na waamuzi hukagua jinsi zilivyotunzwa. Watu huandaa mashine zao kwa miezi. Mbona mtoto wa Kwa Rhonda asifike pale siku moja na kitu alichokiokoa kwa mikono yake?

Sharti la pili ni karatasi. Pikipiki haiingii lango la kanisa bila logbuku, na tunaangalia mmiliki kwenye mfumo wa NTSA kabla hatujagusa nati. Spea pia. Ukiuziwa kalipa safi ya pikipiki kubwa kwa bei ya kuku, jiulize ilikuwa ya nani jana. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo kinaweza kufika miaka 14. Na hata kama polisi hawatakupata, huwezi kumrudishia Mungu utukufu kwa kitu kilichomliza jirani.

Sharti la tatu ni mwendo, na hapa sina mzaha. Kutoka kumi na mbili asubuhi Jumapili, mnajua wenyewe zile sauti zinazopita barabara kuu kuelekea Gilgil. Wengine wanapita saa ambayo mama zao wako kwenye maombi. Nchi hii imepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni. Sisi wa Bonde la Ufa tunayajua majina ya mahali: Salgaa, Sachangwan, na pale Londiani, tarehe 30 Juni 2023, ambapo zaidi ya watu 50 walikufa jioni moja, wengi wao wakiwa wanatafuta riziki kando ya barabara.

Kutoka 21 inasema juu ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu kwa pembe. Asipojulikana hivyo, mwenyewe hana hatia. Lakini akiwa ameonywa, na hakumfunga, na mtu akafa, damu iko juu ya mwenye ng'ombe. Kijana wangu, pikipiki ya farasi 100 ni ng'ombe anayejulikana. Umeonywa. Helmeti, glavu, koti, leseni ya kundi linalofaa, bima. Anayetaka kujaribu mwendo wa mwisho atafute uwanja wa mashindano na watu wanaosimamia. Atakayeonekana akikimbizana barabarani, pikipiki yake haitarudi uwanjani kwetu, hata kama baba yake ni shemasi.

Sasa neno kwa mnaomiliki moja tayari na hamna pesa ya kuitengeneza. Itunze isizidi kufa. Kuzuia kutu ni bei rahisi kuliko kuiondoa. Iweke pakavu, gurudumu zisikae kwenye udongo. Ifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Karatasi la nailoni linafungia jasho na kutu inakula usiku. Toa betri. Mwaga petroli iliyo ndani ya kabureta. Ziba mdomo wa ekzosi, panya asiingie. Na vumbi! Jina la mji wetu wenyewe linatokana na neno la Kimaasai la vumbi. Hakuna mtu wa Nakuru mwenye kisingizio cha kusahau kichujio cha hewa. Usitupe kipande chochote cha asili, hata kikiwa kimevunjika. Kiweke kwenye kartoni, andika jina lake. Spea nyingi za mashine hizi hazitengenezwi tena, na kipande kilichovunjika ndicho fundi atakachopimia kuchonga kipya.

Nimalizie kwa yule mama. Maoni yangu ni kwamba isiuzwe kwa kilo. Ikienda kwa mtu wa vyuma, itavunjwa, na breki ile ile mbovu inaweza kufungwa kwenye pikipiki ya mtoto wa mwenzako. Ikitengenezwa mbele ya macho yetu, kila kilichokuwa kibovu kitatolewa na kuhesabiwa. Lakini hayo ni maoni ya pasta, si amri ya Bwana. Nimemwambia kijana mbele ya baba yake: hutagusa nati hata moja mpaka mama yako aseme ndiyo kwa kinywa chake, na akisema hapana, jambo limekwisha, na utamheshimu. Kulazimisha uponyaji wa mama ili wewe upate pikipiki, huo nao ni wizi.

Bado hajajibu. Msimpigie simu kumshawishi. Mwombeeni tu.

Na tuombe pamoja: Baba, wape vijana wetu mikono ya subira na macho yanayoona nyufa kabla ya kutafuta rangi. Linda kila anayepanda magurudumu mawili leo, wa boda boda na wa spoti. Wafariji mama wote ambao mwana wao alitoka asubuhi na hakurudi. Sisi nasi tufanye sehemu yetu bila kukusingizia wewe wala shetani. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama una pikipiki ya zamani nyumbani, nenda leo ukasome zile tarakimu za ubavuni mwa tairi, kisha uziandike hapa chini kwenye koment. Tutakuambia umri wake. Jumamosi saa tatu asubuhi tuko uwanjani. Wazazi mnakaribishwa, chai ipo.

Mbarikiwe.