Printa Rahisi, Karatasi Ghali



Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: fedha za chama zimetoka, nataka kuweka meza ya kuchapisha karibu na shule, je, ninunue printa gani? Nasi hujibu kwa swali jingine: karatasi moja itakugharimu shilingi ngapi? Aghalabu mwenye kuuliza ameshajua bei ya mashine, ilhali hili la pili hajalifikiria. Nalo ndilo litakaloamua kama mtaji wake utakua au utayeyuka.

Kwanza tufahamu tofauti ya mashine zenyewe. Printa ya leza haitumii wino wa maji. Hutumia unga mkavu uitwao tona, ambao huyeyushwa kwa joto ukashikamana na karatasi. Unga huo haukauki, kwa hiyo mashine yaweza kukaa likizo nzima bila kazi, na shule zikifunguliwa ikachapisha kama kawaida. Wino wa maji usipotumika huweza kukauka na kuziba matundu. Ni kweli kwamba zipo printa za matangi ya wino ambazo gharama yake kwa karatasi ni ndogo, nazo zamfaa mwenye kuhitaji rangi kila siku. Lakini kwa mitihani, fomu, barua na risiti, ambazo ni maandishi meusi matupu, leza nyeusi ina kasi zaidi, na maandishi yake hayavuji yakipatwa na maji.

Sasa tupige hesabu. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za duka lake. Tuseme printa ya kwanza inauzwa shilingi 15,000, na katriji yake ya shilingi 9,000 huchapisha kurasa 1,000. Hapo kila ukurasa unakula tona ya shilingi 9. Printa ya pili inauzwa shilingi 28,000. Tona yake ya shilingi 6,000 huchapisha kurasa 3,000, yaani shilingi 2 kwa ukurasa. Ina pia dramu, ile silinda inayobeba picha ya maandishi, ya shilingi 9,000 kwa kurasa 12,000, yaani senti 75. Jumla ni shilingi 2 na senti 75.

Ongeza karatasi yenyewe. Rimu ya karatasi 500 ikiwa shilingi 600, kila moja ni shilingi 1 na senti 20. Basi mwenye kutoza shilingi 10 kwa ukurasa, akiwa na printa ya kwanza, anatumia shilingi 10 na senti 20. Wateja wamejaa mlangoni, naye anapata hasara kila karatasi itokapo! Mwenye printa ya pili anatumia shilingi 3 na senti 95, akabakiwa na zaidi ya shilingi 6. Zile shilingi 13,000 alizozidisha wakati wa kununua zitarudi baada ya kurasa 2,080. Akichapisha kurasa 40 kwa siku, ni siku 52 za kazi. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa rahisi huvunja upishi.

Yapo mambo mengine yanayofichika katika hesabu hiyo. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye kasha la tona hupimwa kwa ukurasa wenye maandishi machache, takriban asilimia 5 ya eneo la karatasi. Ukichapisha picha au jedwali zito, tona itaisha mapema zaidi. Pia, printa nyingi mpya huja na tona ya kuanzia isiyojaa, basi usishangae ikimalizika haraka. Tena, kuna mashine ambazo dramu na tona hutenganishwa, kama zile nyingi za Brother, na kuna ambazo hukaa pamoja ndani ya katriji moja, kama zilivyo nyingi ndogo za HP LaserJet. Zote zafaa, mradi ujue unalipia nini na lini.

Tona ya kujazwa upya hupunguza gharama, lakini ikijazwa vibaya humwagika na kuchafua karatasi, na baadhi ya mashine huikataa. Ijaribu kwa fundi unayemwamini kabla ya kuitegemea.

Leza ya rangi ina tona nne za kununua badala ya moja. Tunashauri isiwe mashine ya kwanza ya mwenye mtaji mdogo. Bora atafute nyeusi inayochapisha pande mbili yenyewe, kwani mtihani wa kurasa nne utachukua karatasi mbili tu.

Tusisahau mazingira yetu. Hewa ya pwani ina unyevu, na karatasi iliyoachwa wazi huunyonya, ikajikunja na kukwama ndani ya mashine. Rimu na ibaki ndani ya kasha lake hadi itakapohitajika. Wala printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta, kwa sababu sehemu yake ya joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Basi uendapo dukani, chukua daftari na uulize maswali manne: tona yake ni bei gani na huchapisha kurasa ngapi? Dramu je? Je, tona hiyo hupatikana hapa mjini wakati wote? Na dhamana yake ni ya muda gani, na fundi wake yuko wapi? Andika majibu, rudi nyumbani, upige hesabu kwa utulivu pamoja na wenzako wa chama. Fedha zitoke baada ya hapo.