Rufani ya Mkurdi si Hisani

Wakurdi ni taifa lisilo na dola. Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwafungulia njia ya kujitawala. Ule wa Lausanne wa mwaka 1923 ukaifunga, na nchi yao ikabaki imegawanyika baina ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Si ajabu basi kwamba wengi wao wamebisha hodi Ulaya wakiomba hifadhi chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951.

Huko Uingereza, mwombaji aliyekataliwa hupewa kwa kawaida siku 14 za kukata rufani. Ni muda mfupi kwa mgeni asiye na wakili. Mara nyingi barua ya kumkatalia hutegemea hitilafu za maelezo: tarehe moja katika mahojiano ya kwanza, nyingine katika ya pili, na ofisa huandika kwamba mtu huyo hasadikiki. Lakini Iran ina kalenda yake, ambayo mwaka wake huanza mwezi Machi. Na msemaji wa Kisorani akipewa mkalimani wa Kikurmanji, kosa la mkalimani huweza kuhesabiwa kuwa uongo wa mkimbizi.

Wapo wadaio kwamba rufani ni hila ya kuchelewesha safari ya kurudishwa. Dai hilo halina nguvu. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya uhamiaji ya Uingereza iliamua kwamba kuwa Mkurdi wa Iran na kutoroka nchi bila kibali, peke yake, hakumpi mtu haki ya hifadhi. Hata hivyo iliona kwamba hata kukutwa na vikaratasi vya kutetea haki za Wakurdi kwaweza kumtia mtu hatarini. Kumbe shauri zima laweza kusimama juu ya karatasi moja, na kama ofisa hakuiamini, nani ataipima upya isipokuwa hakimu?

Tena mzigo umeongezwa. Kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 28 Juni 2022, mwombaji hana budi kuthibitisha kwamba hofu yake yaelekea kuwa ya kweli kuliko kutokuwa ya kweli. Serikali inayodai ushahidi mzito zaidi yapaswa nayo kuupokea kwa uangalifu zaidi: mahojiano yasomwe tena kwa mwombaji katika lahaja yake, arekebishe yaliyopotoshwa, ndipo ofisa ashike kalamu.