Aliyeiangusha Pikipiki Asikimbie

Wenzangu wanafunzi, na ninyi wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu, nawaomba nafasi niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiiangusha kwa bahati mbaya pikipiki ya mwenzake iliyosimama, afanye nini? Niulizapo bwenini, jibu nilipatalo mara nyingi ni hili: "Iinue, tazama kama kuna aliyekuona, uende zako." Kisha watu hucheka. Nami nasema jibu hilo ni baya, na ubaya wake ni mkubwa kuliko tudhanivyo.

Twajua sote lango la shule lilivyo siku ya kufunga muhula. Bodaboda hujipanga ubavu kwa ubavu, masanduku na magodoro hupita katikati yake, na kila mtu ana haraka. Pikipiki iliyosimama juu ya stendi ya pembeni huegemea upande wa kushoto. Ukiisukuma kwa sanduku kutoka upande huo, hulala upande wa kulia. Na kama jirani yake yu karibu, huyo naye huangushwa, naye humwangusha wa tatu. Hapana aliyekusudia ubaya. Ajali haina kinga, wasema wazee. Lakini methali hiyo haisemi kwamba aliyepata hasara na ajilipie mwenyewe.

Wale wanaotaka tukimbie wana hoja zao, nami nitazijibu moja moja.

Kwanza, husema kwamba bahati mbaya si kosa. Kweli, si dhambi, lakini ni deni. Kwa jirani zetu wa Kongo, sheria ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, yamtaka mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake airekebishe. Na kifungu cha 259 chaongeza kwamba mtu hujibu hata kwa uzembe wake na kwa kutojihadhari kwake. Aliyebeba sanduku bila kutazama nyuma hakukusudia, lakini hakujihadhari. Hapa Uganda nako, sheria ya mwaka 2006 ilizipa mahakama za halmashauri za vijiji, zile tuziitazo LC 1, uwezo wa kusikiliza madai madogo ya mali iliyoharibiwa. Wala bima haitaingia katika shauri hili. Ile bima ya lazima ni kwa ajili ya watu wanaoumizwa na chombo barabarani, si kwa kukitengeneza chombo chenyewe. Basi asipolipa aliyeangusha, atalipa mwenye pikipiki.

Pili, husema kwamba pikipiki ni chuma, haiumii. Likizo zangu nyingi nimezipitisha katika gereji ya mjomba wangu, nikimshikia spana, na hapo nimejifunza kwamba maneno hayo si kweli. Pikipiki ya bodaboda ina uzito wa kilo 100 na zaidi. Ikianguka kulia, uzito huo huupiga mkono wa breki ya mbele na kikanyagio cha breki ya nyuma. Ikianguka kushoto, huupiga mkono wa klachi na kikanyagio cha gia. Kioo kikivunjika, kila mtu aona. Lakini mkono wa breki huweza kupata ufa mwembamba usioonekana, hasa mtu akiunyosha kwa nguvu ili mwenyewe asigundue kitu. Mjomba haunyoshi kamwe. Huutupa akatia mwingine.

Fikirini, basi. Mwenye pikipiki arudi, aikuta imesimama kama alivyoiacha, ampakia mama na mtoto mgongoni, ashuka nao mlimani. Afika kwenye kona, abana breki, na mkono wamvunjikia kiganjani. Mjomba aliwahi kuletewa pikipiki ya namna hiyo. Mwendeshaji alitolewa mtaroni amevunjika mkono, na mpaka leo hajui ni nani aliyeiangusha asubuhi ile. Wasema wazee kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa afichaye ni mmoja, na kifo chamtafuta mwingine. Kwa sababu hiyo nasema kwamba fedha ni sehemu ndogo ya deni hili. Sehemu kubwa ni kusema. Asiye na senti mfukoni aweza kusema, na kwa kusema tu amekwisha kuokoa mtu.

Tatu, husema kwamba watu wa steji watakuzunguka, watakupigia kelele, na kwa kioo kimoja watakutoza bei ya pikipiki nzima. Hoja hii siidharau, maana yapo mambo hayo. Hasira huwa nyingi, na mwanafunzi huonekana kama mtoto wa tajiri. Hata hivyo tukumbuke hasira hiyo yatoka wapi. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani, katika miaka ya 1960, na leo yalisha nyumba nyingi mno. Wengi wa waendeshaji si wenye pikipiki. Hupeleka kwa tajiri kiasi walichoagana, au hulipa mkopo. Siku pikipiki ilalapo gereji, deni halilali. Kijana huyo halilii kioo. Alilia siku yake.

Basi yafaa kufanya hivi. Itazame kwanza petroli: ikiwa yavuja, funga bomba lake, na mtu asiwashe kiberiti karibu. Jihadhari na ekzosi, maana huwa moto. Usiinue peke yako ili uonekane shujaa, ita mwenzako. Ikiwa imelala kulia, itoe kwanza stendi, ili ukiisha kuinua isije ikaanguka upande wa pili. Usiiwashe, wala usinyooshe kitu. Ngoja mwenyewe. Ajapo, mwambie mara moja, kwa adabu: "Ssebo, mimi ndiye niliyeiangusha pikipiki yako. Tuikague pamoja." Kama hayupo, mwambie mwenyekiti wa steji, umwachie jina lako na kidato chako. Kisha twaeni fundi mmoja mnayemkubali nyote wawili, aikague breki, klachi, usukani na tangi. Inunue spea yenyewe, au ulipe mbele ya fundi na mwenyekiti, upewe risiti. Hapo hapana wa kukutoza kupita kiasi. Na kama mlikuwa wawili mliobeba sanduku, lipeni wawili.

Lakini haki ina pande mbili. Mwenye kuisimamisha pikipiki juu ya mchanga laini, au katikati ya njia ya watu, naye ana sehemu yake katika hasara hiyo, na yampasa aikubali. Vilevile mkwaruzo wa zamani wenye kutu usihesabiwe pamoja na wa leo. Mtu aliyekuja kwako kwa hiari yake asigeuzwe ng'ombe wa kukamuliwa. Ukimtenda hivyo, wa kesho atakimbia, nawe utakuwa ndiwe uliyemfundisha kukimbia.

Sasa nifike kwetu. Naamini wengi wetu hatukimbii kwa sababu ya uchoyo, bali kwa hofu. Mwanafunzi akijitaja, maswali ya kwanza kwa viranja huwa: "Ulikuwa wapi? Nani alikuruhusu kutoka langoni?" Aliyesema hupewa adhabu, na aliyenyamaza hula chakula chake kwa amani. Kwa njia hiyo twafundishana uongo wenyewe kwa wenyewe, hali tukiimba ukweli kila asubuhi.

Naomba mambo mawili. La kwanza, viranja na walimu wakubali kwamba anayejitaja mwenyewe kwa hasara ya namna hii asiadhibiwe kwa kujitaja. Kama kuna kosa jingine, lingoje mpaka mwenye mali ametengenezewa mali yake. La pili, kila bweni liwe na mfuko mdogo wa kukopesha, ili spea inunuliwe siku ile ile, na aliyeangusha aurudishie mfuko huo kidogo kidogo. Na ninyi mliotutangulia, mjao kututembelea kwa motokaa na pikipiki zenu, mngeweza kuuanzisha mfuko huo bila kuumia. Wengi wenu mmekwisha kukuta gari lenu limekwaruzwa, na aliyelikwaruza hayupo. Basi mwayajua maumivu yake.

Dawa ya deni ni kulipa. Na asiyeweza kulipa leo, na aseme leo, kabla mwenye pikipiki hajampakia abiria wa kwanza.