Lisemwalo Lipo? Juu ya Waliopotea Milimani na Ndimi Zetu



Juma hili napenda tuitafakari Amri ya Nane ya Mungu, ile inayotukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Wengi wetu tunapojiandaa kwa Sakramenti ya Kitubio huipita amri hii upesi, tukidhani kwamba inawahusu mashahidi wa mahakamani peke yao. Nami nasema wazi tangu mwanzo: katika zama hizi za simu za mkononi, sidhani kama ipo amri inayovunjwa na watu wengi kwa pamoja, tena kwa moyo mwepesi, kuliko hii. Na huvunjwa kwa ukatili wa pekee pale mtu anapotoweka porini au mlimani, watu wakajitwalia kiti cha hakimu hata kabla mwili haujapatikana.

Tutazame kisa kimoja kilichojulikana duniani kote. Mwezi Juni mwaka 2024, kijana Mwingereza wa miaka 19 alikwenda Tenerife, kisiwa cha Hispania kilichoko katika bahari ya Atlantiki, kuhudhuria tamasha la muziki. Asubuhi ya tarehe 17 alijikuta katika eneo la Masca, kaskazini-magharibi mwa kisiwa hicho, mbali sana na mahali alipofikia. Akaamua kurudi kwa miguu. Alizungumza na rafiki yake kwa simu, akamweleza kwamba amepotea, anahitaji maji, na simu yake inakaribia kuzimika. Baada ya hapo hakusikika tena. Masca ni nchi ya makorongo yenye kina kirefu, miamba mikali na jua kali la kiangazi; si mahali pa mgeni kutembea peke yake bila maji.

Askari wa Guardia Civil wa Hispania walimtafuta kwa mbwa, kwa helikopta na kwa miguu. Tarehe 30 Juni ilitangazwa kwamba msako mkubwa umekoma. Tarehe 15 Julai kikosi chao cha uokoaji milimani kiliupata mwili wake, karibu na mahali ambapo simu yake ilionekana kwa mara ya mwisho. Uchunguzi wa kitabibu ulionyesha majeraha ya mtu aliyeanguka kwenye miamba. Mwezi Julai mwaka 2025, huko Preston, Uingereza, afisa wa serikali anayechunguza vifo alihitimisha kwamba kijana huyo alikufa kwa ajali.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: kijana alipotea njia, akaanguka, akafa. Sasa tujiulize, katika wiki zile nne dunia ilisema nini? Wapo waliosema ameuawa na wauza dawa za kulevya. Wapo waliosema ametekwa. Wapo waliosema yu hai, amejificha, na kwamba jambo zima ni mchezo wa kuigiza. Watu aliokuwa nao kabla ya kutoweka wakaitwa wauaji, ingawa polisi wa Hispania walikuwa wamekwisha kuona kwamba hawahusiki. Familia yenyewe ikageuziwa kibao, ikahojiwa hata juu ya michango iliyokusanywa kwa ajili ya kumtafuta mtoto wao. Wengine wakapanda ndege hadi kisiwani wakiwa na kamera, ili msiba wa watu uwaongezee watazamaji.

Ndugu zangu, haya yote hayakutendwa na majambazi. Yalitendwa na watu wa kawaida kama mimi na wewe, wakiwa wamekaa vitini mwao, wengi wao wakiamini kwamba wanatenda wema.

Mama Kanisa hakutuacha gizani katika jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya heshima ya jirani. La kwanza ni hukumu ya haraka: kusadiki, hata kama ni moyoni tu, kwamba mtu ana hatia, bila msingi wa kutosha. La pili ni kufichua mabaya ya mtu kwa wasiohusika, bila sababu ya haki. La tatu ni kumsingizia, yaani kusema uongo unaomharibia jina na kuwafanya wengine wamhukumu vibaya. Namba inayofuata inatufundisha dawa yake: kujitahidi kuyapokea maneno na matendo ya jirani kwa tafsiri iliyo njema.

Pimeni kisa cha Tenerife kwa mizani hiyo. Aliyeandika kwamba fulani ni muuaji kwa sababu tu alikuwa pamoja na marehemu, amehukumu kwa haraka. Aliyechimbua maisha ya kijana, makosa yake ya zamani na marafiki zake, akayatandaza hadharani, amefichua mabaya bila haki, maana korongo halimuulizi mtu kama ana dhambi au hana. Na aliyebuni habari akaisambaza, huyo amesingizia. Makosa yote matatu yametimia katika msiba mmoja, na katikati yake amekaa mama anayengoja habari za mwanawe.

Najua utetezi utakaotolewa, nami napenda kuujibu hoja kwa hoja.

Hoja ya kwanza: “Baba, sisi tulikuwa tunasaidia kumtafuta.” Je, ni kweli? Tarehe 29 Juni 2024 polisi wa Hispania walifanya msako mkubwa, wakiwa wamewaomba watu wenye uzoefu wa milima wajitolee kuungana nao. Vyombo vya habari viliripoti kwamba walijitokeza watu sita. Wakati huohuo, makundi ya mtandaoni ya kulijadili suala hilo yalikuwa na wanachama laki kadhaa. Ni kweli kwamba si kila mtu angeweza kufika Tenerife, na si kila mtu anazijua njia za milimani. Lakini kama huwezi kufika, basi kubali kwamba hutafuti. Kuketi sebuleni na kumtaja muuaji asiyekuwapo si kutafuta. Mwili ule haukupatikana kwa wingi wa nadharia. Waliupata watu waliokanyaga mawe.

Hoja ya pili: “Tulikuwa tunauliza tu maswali.” Kuuliza si dhambi. Someni Kitabu cha Danieli, sura ya 13, habari za Suzana. Wazee wawili walimshuhudia uongo, na watu wote wakawaamini kwa sababu ya heshima zao. Kijana Danieli akauliza maswali: aliwatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja ni chini ya mti gani alipoyaona hayo, na majibu yao yakapingana. Hayo ndiyo maswali yanayoiokoa damu isiyo na hatia. Hata familia ya kijana wa Tenerife ilikuwa na maswali. Shauri lilipoanza kusikilizwa mwezi Mei 2025, iliomba liahirishwe ili mashahidi zaidi wasikilizwe, na ombi hilo lilikubaliwa. Waliuliza mahali panapostahili, mbele ya mwenye wajibu wa kujibu. Bali yule anayeandika, “Mimi nauliza tu, kwa nini mama yake halii?”, huyo haulizi. Ameshahukumu, na alama ya kuuliza ni joho alilolivaa.

Hoja ya tatu: “Haiwezekani mtu apotee hivihivi tu, lazima pana mkono wa mtu.” Anayesema hivi haujui mlima. Mwaka 2013, mwanamke mmoja Mmarekani aliyekuwa akisafiri kwa miguu katika njia ndefu ya milima ya Appalachia aliacha njia kidogo kwa haja zake, huko jimboni Maine, akashindwa kuiona tena. Alijaribu kutuma ujumbe kwa simu, lakini hapakuwa na mtandao. Aliishi porini siku zisizopungua 26, akiandika katika daftari lake, huku watafutaji wakizunguka. Mabaki yake yalipatikana Oktoba 2015, yapata kilomita tatu tu kutoka njia ile. Hapakuwa na muuaji. Palikuwa na msitu mnene. Nasi wa Afrika Mashariki tunayo Kilimanjaro ya mita 5,895, tunao Mlima Kenya na Rwenzori. Ukungu unaposhuka huko juu, hatua kumi nje ya njia zatosha kumpoteza mtu mzima mwenye akili timamu.

Hoja ya nne ndiyo ninayoichukia zaidi, kwa kuwa imevaa vazi la hekima ya wazee: “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.” Methali hii ina mahali pake, lakini leo imegeuzwa kuwa hati ya kuhalalishia kila uzushi. Lisemwalo si lazima liwepo! Mwezi Februari mwaka 1959, wasafiri tisa wenye uzoefu, wakiongozwa na Igor Dyatlov, walikufa katika milima ya Ural ya kaskazini, nchini Urusi. Kwa miaka zaidi ya 60 yalisemwa mengi: silaha za siri, viumbe wa anga, jitu la theluji. Hapo mwanzo walishukiwa hata wenyeji wa eneo lile, watu wa kabila la Mansi, ambao baadaye walionekana hawana hatia. Mwaka 2020 waendesha mashtaka wa Urusi walitangaza kwamba chanzo kilikuwa maporomoko ya theluji, na mwaka 2021 wanasayansi wawili wanaofanya kazi Uswisi walionyesha kwa hesabu jinsi bamba la theluji lilivyoweza kuliangukia hema lao usiku. Wenyewe hawakudai kueleza kila kitu. Huo ndio unyenyekevu wa mtu anayetafuta ukweli: husema kiasi kile anachokijua, kisha hunyamaza.

Lakini swali la msingi ni hili: kwa nini twapenda uzushi kuliko ajali? Nadhani ni kwa sababu ajali hututisha. Ikiwa kijana aliuawa kwa kuwa alifuatana na watu wabaya, basi mimi nisiyefuatana nao ni salama. Ikiwa wazazi wana siri, basi sisi tusio na siri hatutapatwa. Tunamtafutia marehemu kosa ili tujipatie bima. Ndugu zangu, hiyo ni fikra ya kale, na Bwana wetu aliikataa. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia wasikilizaji wake macho: watubu wao.

Wakumbukeni pia marafiki watatu wa Ayubu. Walipofika na kuyaona mateso yake waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na siku hizo saba walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa ili kueleza sababu za msiba wake ndipo walipokosea, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia. Hawakuwa waongo wa makusudi. Walikuwa watu wa dini waliodhani kwamba kila msiba lazima uwe na mhalifu nyuma yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, habari ya mtu aliyetoweka inapokufikia, sambaza tangazo la polisi au la familia tu, na uishie hapo. Pili, kabla hujaandika neno, fikiri kwamba mama yake atalisoma usiku wa leo, maana kwa kweli hulisoma. Tatu, kama una ushahidi, upeleke kwa wanaochunguza. Kama huna, ulichonacho ni udadisi, na udadisi si utumishi. Nne, kama umekwisha kumchafulia mtu jina, fahamu kwamba kuungama peke yake hakutoshi. Katekisimu hiyohiyo, katika namba 2487, inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi. Uliposema uongo mbele ya watu mia tano, kanusha mbele ya haohao mia tano. Kufuta maneno kimyakimya si malipizi.

Nawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo mlizungumze jambo hili katika mikutano yenu, maana makundi yetu ya simu nayo yanahitaji uinjilishaji.

Mwisho, mtazameni Mchungaji Mwema kama anavyosimuliwa na Mathayo katika sura ya 18. Kondoo mmoja alipopotea, mchungaji aliwaacha wale tisini na tisa milimani, akaenda kumtafuta. Hakusimama kuwauliza wale wengine kondoo huyo alikuwa na tabia gani, wala nani alimpoteza. Tukiweza, twende pamoja naye. Tusipoweza, tupige magoti tuwaombee waliopotea na wanaowangoja nyumbani. Na tukishindwa hata hilo, basi walau tunyamaze.

Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani mwetu na katika vidole vyetu. Uwapokee katika mwanga wako wote waliokufa peke yao milimani, na uwafariji wazazi waliojeruhiwa kwa ndimi zetu. Amina.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu awabariki nyote.